Nyaya za shaba chini ya mnara: nusu ya antena isiyoonekana

Mnara wa redio ya mawimbi ya kati huonekana kutoka mbali, lakini sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika chini ya udongo, katika nyaya za shaba ambazo msikilizaji hazioni. Nyaya hizo zikikatika, zikiliwa na kutu au zikiibwa, mtambo huendelea kuonyesha nguvu ile ile iliyozoeleka, huku matangazo yakififia kwa walio mbali. Wa kwanza kuyakosa ni wasikilizaji wa ng'ambo ya mpaka, ambao kwao redio ya nchi jirani mara nyingi ndiyo njia ya kupata habari kwa lugha yao.

Makala haya yanaeleza nyaya hizo zinafanya kazi gani, kwa nini idadi na urefu wake vina uzito mkubwa, na ni dalili zipi huonyesha kwamba zimeharibika.

Kwa nini mawimbi ya kati

Redio za FM hutumia mawimbi mafupi sana. Kituo kilicho katika megahezi 100 hutumia wimbi lenye urefu wa meta 3, na antena yake ndogo hufungwa juu ya mlingoti au kilima. Mawimbi hayo husafiri takriban hadi upeo wa macho, kisha huzuiwa na mviringo wa dunia na milima. Ardhi iliyo chini ya mlingoti haina sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Mawimbi ya kati ni jambo jingine. Kituo kilicho katika kilohezi 1,000 hutumia wimbi lenye urefu wa meta 300. Mchana wimbi hilo hutambaa likifuata uso wa ardhi, huvuka mabonde na mipaka, na usiku sehemu yake hurudishwa na tabaka za juu za anga na kusikika mamia ya kilometa mbali. Ndiyo maana mtambo mmoja unaweza kuwafikia wasemaji wa lugha moja waliotawanyika katika nchi mbili au tatu.

Kupata urefu wa wimbi si kazi ngumu: gawanya 300 kwa masafa yaliyoandikwa kwa megahezi, na jibu ni meta. Masafa yakishuka, wimbi hurefuka. Katika kilohezi 600 wimbi lina meta 500, na mnara wa robo wimbi unahitaji kufika meta 125 kwenda juu.

Mnara na ardhi hufanya kazi pamoja

Katika vituo vingi vya mawimbi ya kati, mnara wenyewe ndio antena. Husimama juu ya kihami cha kauri ili usigusane na ardhi. Waya mmoja wa mtambo hufungwa kwenye mnara, na wa pili hufungwa ardhini. Mkondo wa umeme unapopanda mnarani, uga wa umeme hutanda kuzunguka mnara na kushuka ardhini pande zote. Pale unapoigusa ardhi huzalisha mikondo inayorudi kwenye shina la mnara ili mzunguko ukamilike. Kila amperi inayopanda lazima irudi kwa njia ya ardhi.

Udongo ni njia mbovu ya umeme. Katika udongo wa wastani na masafa ya kilohezi 1,000, mkondo huzama takriban meta 7 kabla ya kupungua hadi kiasi kama theluthi moja. Unapopenya katika mchanga, mawe na mizizi, nishati yake hugeuka kuwa joto, na joto hilo halibebi sauti wala habari.

Mikondo hiyo hukutana kwenye shina la mnara kama vijito vinavyoelekea kisima kimoja. Kadiri inavyokaribia ndivyo inavyobanwa katika eneo dogo, na hasara kwa kila meta ya mraba huongezeka. Hapo ndipo nyaya za ardhini zinapohitajika. Huzikwa zikitawanyika kutoka shinani kama spoki za gurudumu la baiskeli, na mafundi huziita radiali. Mkondo ukifika kwenye waya wa shaba huacha udongo, kwa kuwa shaba ina ukinzani mdogo mno, na hurudi nyumbani bila kupoteza nishati nyingi njiani.

Hesabu ya hasara

Wahandisi hupima jambo hili kwa kulinganisha aina mbili za ukinzani. Wa kwanza ni ukinzani wa kurusha, yaani ule unaowakilisha nishati inayoondoka mnarani kama mawimbi. Kwa mnara mwembamba wa robo wimbi juu ya ardhi kamilifu, ukinzani huo ni takriban omu 36.5. Wa pili ni ukinzani wa ardhi, ambao unawakilisha nishati inayopotea udongoni. Mtambo hauwezi kuutofautisha wa kwanza na wa pili. Husukuma nguvu katika yote miwili.

Tuchukue mtambo wa kilowati 10. Ardhi ikiwa nzuri sana, yenye ukinzani unaokaribia sifuri, mkondo kwenye shina la mnara ni takriban amperi 16.6, na karibu nguvu yote huenda angani. Sasa ukinzani wa ardhi upande hadi omu 13.5 kwa sababu nyaya zimepungua. Jumla inakuwa omu 50. Mkondo unashuka hadi amperi 14.1, na nguvu inayorushwa ni kilowati 7.3 tu. Kilowati 2.7 zinapasha udongo joto, na bado kipimo cha mtambo kinaonyesha kilowati 10.

Mfano huo una mtego ndani yake. Nyaya nyingi zinazounganisha mitambo na antena zimetengenezwa kwa omu 50, hivyo fundi anayeiona antena yake ikisomeka omu 50 bila kifaa cha kulinganisha anaweza kufurahi. Mnara wa robo wimbi unaosoma omu 50 kwenye shina lake una uwezekano mkubwa wa kuwa na ardhi mbovu. Ule unaosoma karibu na omu 36 ndio wenye afya.

Minara mifupi ina hatari kubwa zaidi. Mnara wenye urefu wa sehemu ya kumi ya wimbi una ukinzani wa kurusha wa takriban omu 4 tu. Ukinzani wa ardhi ukiwa omu 4 vilevile, nusu ya nguvu hupotea. Mtambo wa kilowati 10 unaorusha hewani saa 24 kila siku katika hali hiyo hutupa kilowati 5 udongoni, sawa na yuniti 43,800 za umeme kwa mwaka. Shirika la umma hulipia yuniti hizo, na hakuna msikilizaji hata mmoja anayefaidika nazo.

Jaribio la New Jersey

Hadi miaka ya 1930 ujenzi wa mifumo ya ardhi uliongozwa zaidi na mazoea. Mwaka 1935 mhandisi George H. Brown wa kampuni ya RCA nchini Marekani alichapisha hesabu za mikondo ya ardhini karibu na antena. Miaka miwili baadaye, Juni 1937, yeye pamoja na R. F. Lewis na J. Epstein walichapisha matokeo ya vipimo vya uwanjani katika jarida la Taasisi ya Wahandisi wa Redio. Andiko hilo bado ni msingi wa kazi hii.

Kampuni yao ilikuwa Camden, katika jimbo la New Jersey. Walitumia masafa ya megahezi 3, ambayo wimbi lake lina meta 100, ili jaribio litoshee katika uwanja wa kawaida. Walizika nyaya zenye urefu wa futi 45, 90 na 135, yaani takriban meta 14, 27 na 41. Walibadilisha idadi kutoka nyaya 2 hadi 113, wakabadilisha pia urefu wa antena, na kila mara wakapima nguvu ya wimbi kwa mbali.

Matokeo yalikuwa dhahiri. Kwa nyaya 113 ndefu, nguvu iliyopimwa ilikaribia sana ile ambayo nadharia iliahidi kwa ardhi kamilifu. Antena ya sehemu ya nane ya wimbi ilifanya kazi karibu sawa na ya robo wimbi, mradi ardhi yake ilikuwa nzuri. Wavu wa shaba uliotandazwa kwenye shina haukuongeza kitu cha maana pale ambapo nyaya zilikuwa za kutosha. Waandishi hao walipendekeza nyaya 120, kila moja yenye urefu wa nusu wimbi.

Kanuni za Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani zinafuata mwelekeo huo. Zinataka nyaya zilizozikwa zisipungue 90, kila moja iwe na urefu usiopungua robo wimbi. Zinautaja mfumo wa nyaya 120, zenye urefu wa kati ya 0.35 na 0.4 ya wimbi na zilizopangwa kila baada ya nyuzi 3, kuwa mfumo bora. Nyuzi 3 mara 120 ni nyuzi 360, yaani duara kamili.

Idadi au urefu?

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: fundi mwenye shaba kidogo aikate katika nyaya chache ndefu au nyingi fupi? Jibu linatokana na njia ya mkondo. Nyaya zikiwa chache, ncha zake huachana sana, na mkondo unaoanguka katikati ya nyaya mbili hulazimika kupita katika udongo mrefu kabla ya kuipata shaba. Kurefusha nyaya hizo chache hakusaidii sana, kwa sababu pengo kati yake huzidi kupanuka. Nyaya zikiwa nyingi, pengo ni dogo, na hapo kila meta inayoongezwa ina faida.

Vitabu vya mwongozo vya waendeshaji redio wa ridhaa wa Marekani huchapisha jedwali linaloonyesha uwiano unaofaa kwa mnara wa robo wimbi. Hapa tumeligeuza kwa kituo cha kilohezi 1,000. Hasara inalinganishwa na mfumo wa nyaya 120.

– Nyaya 16 za meta 30: shaba meta 480, hasara takriban asilimia 50.
– Nyaya 24 za meta 37.5: shaba meta 900, hasara takriban asilimia 37.
– Nyaya 36 za meta 45: shaba meta 1,620, hasara takriban asilimia 29.
– Nyaya 60 za meta 60: shaba meta 3,600, hasara takriban asilimia 21.
– Nyaya 90 za meta 75: shaba meta 6,750, hasara takriban asilimia 11.
– Nyaya 120 za meta 120: shaba meta 14,400, kiwango cha kulinganishia.

Jedwali linafundisha mambo mawili. Kwanza, kilometa 3.6 za mwanzo huishusha hasara kutoka nusu hadi tano moja. Pili, kuiondoa tano moja iliyobaki kunadai karibu kilometa 11 nyingine. Kila kituo huchagua mahali pa kusimama kati ya bei ya shaba na bei ya umeme. Kituo kidogo kinachorusha kwa saa chache kinaweza kuridhika na nyaya 60. Shirika la taifa linalorusha mchana na usiku kwa kilowati nyingi hurejesha gharama ya nyaya zilizosalia katika ankara za umeme.

Udongo wa mahali

Hasara hutofautiana kwa kadiri udongo unavyopitisha umeme. Maji ya bahari hupitisha umeme mara mia kadhaa kuliko udongo wa kawaida. Mfinyanzi wenye unyevu ni mzuri, na mchanga mkavu au mwamba ni dhaifu. Kadiri udongo unavyokuwa mbovu, ndivyo nyaya zinavyohitajika zaidi. Katika nchi zenye kiangazi kirefu, ardhi ya kituo hubadilika kwa majira, na mfumo wenye nyaya nyingi hutikisika kidogo kuliko ule wenye nyaya chache.

Inafaa kutenganisha hasara mbili. Ya kwanza hutokea karibu na mnara, na nyaya huitibu. Ya pili hutokea njiani, wimbi linapotambaa kilometa nyingi juu ya ardhi kavu, na hakuna nyaya za kituoni zinazoweza kuiondoa. Ndiyo sababu mtambo uliopo ufukweni husikika mbali zaidi kwa njia ya bahari kuliko kwa njia ya bara, hata nguvu ikiwa ile ile. Msikilizaji wa kisiwani na wa nyikani, walio umbali mmoja kutoka mnarani, hawapati wimbi lenye nguvu sawa.

Dhana zinazopotosha

Dhana ya kwanza ni kwamba chuma kirefu kilichopigiliwa ardhini kinatosha. Chuma hicho ni muhimu kwa kinga ya radi, lakini kwa mawimbi ya redio hakikusanyi mkondo uliotapakaa katika duara lenye upana wa meta mia na zaidi.

Dhana ya pili ni kwamba nyaya zikizikwa kwa kina kirefu zitafanya kazi vizuri zaidi. Mkondo huingia ardhini kutoka juu, kwa hiyo waya uliozama sana hulazimisha mkondo kupita katika udongo mwingi kabla ya kuufikia. Sentimeta 10 hadi 20 zinatosha kuulinda waya dhidi ya miguu ya watu na mifugo. Ubaya wa kina hicho ni kwamba jembe la mkono huufikia waya kwa urahisi, na hivyo kilimo katika uwanja wa mnara hugharimu wasikilizaji.

Dhana ya tatu ni kwamba kuzika nyaya ndiyo njia pekee. Tangu miaka ya 1980, hesabu za kompyuta zimeonyesha kwamba nyaya chache zilizoinuliwa meta kadhaa juu ya ardhi zinaweza kukaribia kazi ya nyaya nyingi zilizozikwa. Njia hiyo inahitaji vipimo makini, na nyaya zenyewe huachwa wazi kwa upepo, magari na wezi.

Shaba na wezi

Tatizo kubwa la mifumo hii leo ni thamani ya shaba. Waya wenye kipenyo cha milimeta 2.6 una uzito wa takriban gramu 47 kwa meta. Mfumo wa nyaya 120 za robo wimbi katika kilohezi 1,000 una kilometa 9 za waya, na uzito wake ni takriban kilo 420. Shaba hiyo imelala sentimeta chache chini ya nyasi, mara nyingi katika uwanja mpana ulio mbali na mji, na anayeupata mwanzo wa waya mmoja huweza kuuvuta wote.

Wizi wa metali umezisumbua serikali za ukanda huu katika sekta nyingine pia. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alitangaza kusitishwa kwa biashara ya vyuma chakavu nchini humo, baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa. Nguzo ya umeme ikianguka, taa huzimika na kila mtu hujua. Radiali zikiibwa, hakuna kinachozimika. Mtambo hunguruma, taa za mnara huwaka, na mtangazaji huendelea kusoma taarifa ya habari.

Baadhi ya vituo hujaribu nyaya za chuma kilichopakwa zinki. Hazimvutii mwizi, lakini ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba na huliwa na kutu upesi katika udongo wenye chumvi. Viungo navyo vinahitaji uangalifu: risasi laini ya kuunganishia huoza ardhini, na kwa hiyo viungo huunganishwa kwa moto mkali kwa kutumia madini magumu zaidi.

Dalili za kuangalia

Fundi huweza kuligundua tatizo bila kuchimba uwanja mzima. Hupima ukinzani kwenye shina la mnara na kuulinganisha na ule ulioandikwa siku ya uzinduzi. Hutazama mkondo wa shina: ukishuka ilhali nguvu ya mtambo ni ile ile, ardhi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Hatimaye hupima nguvu ya wimbi katika vituo vilevile vya barabarani kila mwaka, katika msimu uleule, ili unyevu wa udongo usimdanganye.

Msikilizaji naye ana nafasi. Nguvu inayorushwa ikipungua kwa nusu, uimara wa wimbi hushuka hadi asilimia 71 ya ule wa awali. Aliye karibu na mnara hatambui, kwa kuwa redio yake hujirekebisha yenyewe. Aliye ukingoni mwa eneo la matangazo husikia mkwaruzo ukipanda na sauti ikizama. Ripoti yake ina thamani zaidi ikitaja masafa, tarehe, saa, mahali alipo, na kama usikivu ulififia ghafla au polepole. Mfifio wa usiku pekee hutokana mara nyingi na hali ya anga. Mfifio wa mchana unaoendelea kwa wiki kadhaa, katika majira yale yale ambayo mwaka uliopita usikivu ulikuwa mzuri, ni sababu tosha ya kumwita fundi aende na kipimo chake kwenye shina la mnara.